Mafuta Tuliyonawia Mikono

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla lango halijafunguliwa, nikakaa juu ya jiwe nikiutazama mlima wa Jebel Kujur ukipata jua. Yadi ya kampuni ilikuwa chini yake, nyuma ya soko: kontena moja la stoo, kibanda cha mabati, na mapipa ya buluu yamesimama mstari kama askari kwenye gwaride. Nilikuwa nimerudi kutoka Kitale, nilikokulia ukimbizini na kuachia shule darasa la nne. Juba ya baada ya mapatano ya amani ilikuwa inameza kila mtu mwenye mikono miwili. Hoteli za mahema zilikuwa zinaota kando ya mto, na kila hema lilitaka mbu wake wafe. Sisi ndio tuliowaua.

Aliyenipokea ni msimamizi wetu, Mzee Pitia, mtu mrefu mwembamba aliyekaa Uganda mpaka Kiswahili chake kikawa cha huko. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu.

"Wewe iko na mke?"

"Bado, mzee."

"Iko na watoto?"

"Hapana."

"Sasa hii bomba ikivunja mgongo yako, nani atalia?"

Kicheko kikatoka kwenye kibanda cha mabati. Alikuwamo msichana mwenye aproni ya turubai, anakoroga kitu ndani ya ndoo kwa mti mrefu. "Mwache mtoto wa watu, mzee," akasema. "Hata chai hajanywa."

"Nani mtoto?" nikauliza. "Mimi nimefanya kazi kwenye mashamba ya Kitale tangu nikiwa mdogo."

"Sikiliza anavyoongea! Kama mtu wa redio." Akacheka tena. Huyo ndiye Kiden. Kazi yake ilikuwa kuchanganya dawa. Leo ni mke wangu, na haya yote ninayaandika kwa sababu yake. Kwa miaka Kiden ameamini kwamba yeye ndiye aliyetuharibu mikono sisi wapiga dawa wote wa yadi ile. Nimemwambia kwa mdomo, hakusikia. Sasa nasema kwa maandishi, mbele yenu vijana mnaoingia katika kazi hii, nani hasa alifanya nini.

Lakini kwanza mjue kazi yenyewe.

Bomba la mgongoni ni tangi la plastiki lenye mikanda miwili. Mkono wa kushoto unapampu, wa kulia umeshika fimbo ya chuma, na mwisho wa fimbo kuna nozeli, kidomo kidogo cha shaba kinachovunja dawa iwe ukungu. Nozeli ikiziba unaifungua unaipuliza. Mzee Pitia alitufundisha kupuliza kwa mdomo, kama filimbi, kwa sababu naye alifundishwa hivyo. Ukuta unapigwa kutoka juu kwenda chini, polepole, mkono hautetemeki, ukungu unapishana na ule wa mwanzo kama majani ya paa yanavyolaliana. Mzee akisikia unakimbiza mkono alisema, "Wewe unafukuza nani? Ukuta haina miguu."

Dawa yenyewe ilikuja kwenye chupa ndogo zenye picha ya fuvu la kichwa. Ile tuliiogopa. Tukiifungua tunavaa glavu, tunafunga pua na mdomo, tunageuza uso. Ndani ya mapipa ya buluu ndimo yalimokuwa mafuta ya kubebea. Hayo hayana rangi, ni mepesi kuliko maji, na yana harufu tamu kidogo kama ya rangi mpya ya mlango. Dawa kidogo ya chupa inatiwa kwenye mafuta mengi ya pipa, na mafuta ndiyo yanaibeba mpaka kwenye ukuta na kwenye mgongo wa mende. Pipa halikuwa na fuvu. Lilikuwa na picha ya mshale tu, kuonyesha upande gani ukae juu.

Alasiri ya siku ile ya kwanza tulirudi yadini mikono inanata, koo linawasha. Ndipo nikaona jambo ambalo kwa muda mrefu lilikuwa ndilo zuri kuliko yote katika siku yangu. Kiden alitoka kibandani na birika la aluminiamu na beseni. Akaanza na Mzee Pitia kwa sababu ndiye mkubwa. Akapiga goti kidogo, kama binti wa nyumba anavyonawisha wageni kabla ya chakula, akammiminia. Mzee akasugua mpaka kwenye viwiko, taratibu, kama mtu anayejitayarisha kula kwa mfalme, kisha akambariki: "Mungu ikupe mume yenye meno yote."

Akaenda kwa anayefuata, na anayefuata, kwa umri, hadi akanifikia mimi wa mwisho.

"Toa mikono, redio."

Nikatoa. Kilichomiminika hakikuwa maji. Yalikuwa mafuta ya kubebea. Yalikuwa baridi kwenye ngozi, kisha yakakauka mara moja, na ule mnato wote wa dawa ukaondoka kama haukuwahi kuwapo. Mikono ikabaki myeupe, mikavu, safi. Nilishangaa. Kiden akaniuliza, "Huko Kitale mlinawa na nini? Na mate?"

Meneja wetu, Festo Olaki, ndiye aliyeanzisha. Wiki yangu ya kwanza alitukusanya mbele ya kontena, kalamu sikioni, akaeleza tena kwa ajili yetu wageni. "Dawa ikikushika, maji hayaitoi. Inashikamana na ngozi. Mafuta ya pipa ndiyo yanaitoa, kwa sababu ndiyo yanayoiyeyusha. Mmeelewa? Usinipotezee maji."

Mmoja wetu akauliza, "Na hayo mafuta hayana sumu, Meneja?"

"Sumu iko kwa chupa. Haya ni mbebaji tu. Hata kwenye karatasi ya dawa wameandika: dawa ni hii kidogo, na vingine ni vingine. Vingine havina kazi. Vimelala."

Maji ya Juba, mnajua, yalikuwa yanakuja kwa lori la tanki kutoka mtoni. Olaki alisema maji ya yadi ni ya wateja. Mafuta yalikuwa mengi, mapipa kwa mapipa. Basi tukanawa kwa kilichokuwa kingi. Na kwa kuwa tulinawishwa na mkono wa mtu tunayempenda, kwa heshima, kwa umri, kama nyumbani kwa mama zetu, nani angekuwa na shaka? Wengi wetu tulikuwa tumekaa miaka kwenye kambi za watu, tukinawa peke yetu bombani, bila wa kutumiminia. Yadi ile ilikuwa kama nyumba. Nasema hivi ili muelewe kwamba ujinga wetu haukuwa wa uvivu. Tulifanya jambo jema kwa kitu kibaya.

Kulikuwa pia na mashine ya moshi, ile ambayo watu wa Juba waliiita dukhan. Inafungwa nyuma ya pikapu, inachoma mafuta na dawa pamoja, inatoa wingu jeupe zito. Jioni tulipopita nayo mitaani watoto walitoka mbio wakicheza ndani ya wingu, wakipotea na kutokea, wakipiga kelele za furaha. Mama zao walisimama mlangoni wakicheka. Siku moja Kiden, aliyekuwa nyuma pamoja nasi, alimwuliza Olaki, "Hawa watoto tusiwafukuze?" Olaki akajibu, "Mbu ndiye anayekufa. Wewe umeona mtoto aliyekufa?" Nikiwaza kazi yangu yote, wale watoto ndio wanaonitoa machozi. Sijui majina yao. Sijui wako wapi.

Mkaguzi alikuja mara moja tu nikiwa Jebel. Aliitwa Lubang, mtu wa suti iliyopigwa pasi vizuri. Aliomba aonyeshwe chupa ya dawa, akasoma karatasi yake, akatazama kama glavu zipo. Mapipa ya buluu aliyapita kama mtu anavyopita ng'ombe wa jirani. Mzee Pitia, kwa adabu yake, akamwita Kiden amnawishe mgeni. Lubang akaangalia birika, akasema, "Asante mama, mimi sikugusa kitu." Akanywa soda, akaondoka. Mpaka leo najiuliza kama alijua.

Baadaye kampuni ilipata kazi bandarini, na kundi letu lote likahamishiwa huko, ingawa kila alasiri tulirudi Jebel kukabidhi vyombo na kunawishwa. Bandari ya Juba haikuwa kubwa, lakini mashua za mizigo zilikuwa zinafika kutoka kaskazini zimejaa mtama, ngano, saruji, na watu waliokuwa wanarudi nyumbani na vitanda vyao. Sisi tulipiga dawa kwenye maghala na ndani ya matumbo ya mashua, kuua fukusi wa nafaka na kunguni wa abiria. Tumbo la mashua ni chumba cha chuma kisicho na dirisha. Ukungu wa dawa hauna pa kutokea. Ukitoka juu unatembea kama mlevi, na wachukuzi wa bandarini walikuwa wanatucheka: "Hawa wa dawa wamekunywa wapi asubuhi hii?" Tulicheka nao. Kichwa kilituuma hadi jioni, tukasema ni jua.

Msimamizi mkuu wa bandarini alikuwa Kapteni mstaafu wa mashua, mtu mkali. Yeye peke yake aliwahi kumwambia Olaki, "Hao watu wako wanatoka humo ndani macho yamegeuka. Ni dawa gani?" Olaki akasema, "Wanazoea, Kapteni." Naye akasema, "Mimi nimezoea mto, lakini bado unaweza kuniua." Nawatajia Kapteni ili msifikiri wakubwa wote walikuwa sawa.

Jumapili baada ya ibada Kiden alikuwa na kazi yake nyingine. Alisuka. Wasichana walikaa chini kwenye mkeka, yeye nyuma yao kwenye kigoda, na vidole vyake vilikwenda kama maji. Nilikuwa napenda kukaa karibu kwa visingizio vya kila aina. Alisuka mistari myembamba iliyozunguka kichwa bila kukosea hata mmoja, macho akiyaelekeza kwangu akinitania, bila kutazama anachokifanya. "Vidole vinajua njia," alisema.

Halafu Jumapili moja nikaona anatazama. Kila fundo anatazama. Kitana kikamwanguka. Akakiokota, kikaanguka tena. Msichana aliyekuwa anasukwa akasema, "Dada, unanivuta."

"Malesh, mamangu," akasema Kiden, akaomba radhi tena, akafumua, akaanza upya. Mistari ikaenda kombo. Msichana alijiangalia kwenye kioo, akasema imependeza, na hakurudi tena. Hakuna aliyesema neno baya. Walipungua tu, mmoja mmoja, mpaka mkeka ukabaki mtupu.

"Vidole vina nini?" nikamwuliza.

"Ni kama nimevaa glavu," akasema. "Na sijavaa."

Sikumwambia kwamba na mimi nilikuwa nimeanza kuacha vifungo vya shati wazi kwa sababu sivipati.

Wiki hizo hizo Mzee Pitia alianguka. Alikuwa anavuka ubao kati ya mashua na ukingo, ubao aliouvuka kila siku, na mguu wake ukakanyaga hewa. Tulimtoa mtoni amelowa. Alikaa kwenye gunia la mtama akijaribu kucheka. "Ubao imenitoroka," akasema. Kisha akanong'ona ili mimi peke yangu nisikie: "Wani, mimi sikusikia ubao. Tangu mvua ilianza, mimi sisikii chini."

Nikawachukua wote wawili, yeye na Kiden, kwenye zahanati ya misheni. Alikuwapo tabibu mwanamke aliyesomea Kenya, mtu mpole asiye na haraka. Alichoma miguu ya mzee kwa ncha ya sindano, akamwambia aseme akisikia. Mzee alinyamaza hadi sindano ilipofika karibu na goti. Akafanya vile vile kwenye vidole vya Kiden, kisha vyangu, ingawa mimi sikuwa nimesema naumwa. Halafu akaushika mkono wa Kiden akaupeleka puani mwake, akaunusa.

"Mnanawa na nini?"

Kiden akamweleza. Akaeleza kwa fahari, masikini, jinsi anavyoanza na mkubwa.

Tabibu akaweka ule mkono chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Kwenye karatasi wanaandika jina la kinachoua mdudu," akasema. "Kinachokibeba hawaandiki. Wanaandika 'vinginevyo' basi. Lakini havijalala. Mafuta ya namna hii yanaondoa mafuta ya ngozi yako mwenyewe, ngozi inabaki mlango wazi, na dawa mliyotaka kuitoa inaingia nayo ndani. Na mengine yenyewe, hata bila dawa, yanakula mishipa ya fahamu, yakianzia kwenye ncha, vidole vya mikono na vya miguu. Siwezi kuwaambia ni yapi hayo mpaka nijue ndani ya pipa kuna nini. Waulizeni."

"Itarudi?" nikauliza.

"Ikiachwa mapema, mara nyingi inarudi kiasi. Polepole."

Mzee Pitia akauliza swali lake: "Daktari, huyu msichana anaweza kusuka tena?"

Hakuuliza juu ya miguu yake.

Nilikwenda kwa Olaki siku ile ile. Ofisi yake ilikuwa ile nusu ya kontena yenye feni.

"Meneja, ndani ya mapipa kuna nini?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

"Wani, wewe umekuwa mkemia? Ni siri ya watengenezaji. Hata mimi hawaniambii."

"Tabibu anataka kujua, ili atutibu."

"Mwambie ni mbebaji."

Nikatazama pembeni ya meza yake. Kulikuwa na dumu la maji, na juu ya kisahani kipande cha sabuni, kimetumika hadi kimekuwa chembamba kama jani. Aliona nilichokiona. Akavuta gazeti akaifunika ile sabuni. Sikuhitaji jibu lingine. Festo Olaki alinawa kwa maji na sabuni.

Mwenye kampuni, Bwana Silvano Tereka, alikuwa anakaa Kampala na kuja kwa ndege. Safari hiyo alitukuta tumegoma kuingia kwenye mashua. Alitusikiliza akiwa amesimama kando ya gari, mlango wazi. "Mtu akichoka aseme amechoka," akasema. "Asisingizie mafuta. Mafuta haya yako dunia nzima." Mzee Pitia akamwambia, "Bwana mkubwa, miguu yangu iko kwa dunia gani?" Tereka akaingia kwenye gari. Huyo ndiye Tereka. Nimemwandika kama alivyokuwa, sikumwongezea kitu.

Alasiri ile tulirudi Jebel kukabidhi vyombo. Tulikaa kwenye benchi kwa umri wetu kama kawaida, mazoea tu. Kiden akatoka kibandani na birika. Akasimama mbele ya Mzee Pitia. Mzee, kwa kutaka kumpa moyo, akanyoosha mikono yake.

Kiden hakumimina. Alitazama ile mikono, kisha akatutazama sisi wote mmoja mmoja, na nikaona usoni mwake anahesabu. Alikuwa anahesabu kila alasiri.

"Leo hakuna," akasema. "Kalas. Hakuna tena."

Akaligeuza birika, mafuta yakanywewa na mchanga. Olaki alikuwa mlangoni. Alimfukuza kazi papo hapo kwa kumwaga mali ya kampuni.

Mimi nilipelekwa Nesitu, kwenye barabara ya Nimule, kupiga dawa nyumba za kulala madereva wa malori. Ilikuwa adhabu, lakini niliipokea kwa sababu nyumbani kwa Mzee Pitia kulikuwa hapo hapo, ng'ambo ya barabara. Nilinawa kwa maji ya kisima na sabuni, na wenzangu wapya niliwalazimisha. Walinung'unika kuwa mnato hautoki. Niliwaambia wasugue mpaka utoke, na usipotoka walale nao. Jioni nilikwenda kwa mzee. Mkewe, Mama Yeno, alikuwa amempangia kiti mahali anapoona malori. Mzee aliyataja kwa milio yao. Hakuwahi kusimama tena bila kushikwa.

Kiden nilimwoa katika kipindi hicho. Alikataa mwanzoni. "Utaoa mikono hii ya nini?" akaniuliza. Nikamwonyesha yangu. "Hatutajua nani anamshika nani," nikamwambia, na hapo ndipo akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya birika.

Mzee Pitia alifariki mvua zikiisha. Kifua. Hakuna daktari aliyesema ni mafuta, na mimi sisemi asichosema daktari. Nasema tu alikuwa mkubwa wetu, na kwa hiyo siku zote alinawishwa wa kwanza, birika likiwa limejaa.

Msibani, waombolezaji walipotoka makaburini, walisimama kunawa kabla ya kuingia uani. Mtu akampa Kiden mtungi wa maji. Aliuweka chini. Wanawake wakanong'ona: mke wa nani huyu asiyenawisha watu msibani? Niliuchukua mimi. Na tangu siku hiyo ndivyo tulivyoishi. Wageni wakija kwetu, mimi ndiye ninayepita na birika. Shemeji zangu wamecheka, mama yangu amelia, jirani ameniita mke wa nyumba. Kiden hufunga mlango wa jikoni mpaka wamalize kunawa. Ukimwuliza anasema, "Mimi mikono ya watu siigusi. Niliwamwagia mimi."

Kazi niliiacha mwenyewe, nilipokuwa nabana fimbo bila kujua nimeibana. Mtu wa umri wangu hastaafu, lakini mikono yangu ilistaafu. Vidole vya Kiden vimerudi kiasi, kama tabibu alivyosema. Anaweza kutwanga, kuchambua mchele akiutazama, kufunga kanga. Kusuka bado. Juzi nilipokwenda kujiandikisha kwa ajili ya kura, karani alinishika kidole gumba akakibonyeza kwenye wino. Ilinibidi nitazame ndipo nijue kimegusa karatasi.

Basi vijana, mnaopita na mabomba mgongoni, nawaambieni. Chupa yenye fuvu mnaiogopa wenyewe, sina la kuwaongezea. Ogopeni na kile kilichoandikwa "vinginevyo": mafuta ya kubebea, sabuni inayofanya dawa igeuke maziwa ikikutana na maji, unga wa kuifanya ishike. Hakijalala. Vaa glavu hata kwa pipa lisilo na picha. Usipulize nozeli kwa mdomo. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za mtoto. Nawa kwa maji na sabuni, na kama bosi hana maji, muulize yeye ananawa na nini. Tazama kwenye meza yake.

Na majina nimeyataja. Festo Olaki alijua, akaificha sabuni yake. Silvano Tereka aliambiwa, akaingia kwenye gari. Lubang alipita mapipa. Kiden aliambiwa ni safi, akaamini, akatumiminia alichoambiwa ni safi kwa heshima yote aliyolelewa nayo. Haya si makosa ya namna moja, na sitakubali yawekwe kwenye beseni moja.

Wiki iliyopita Mama Yeno, mjane wa Mzee Pitia, alikuja kutoka Nesitu kwa lori la mchanga, akakaa uani kwetu. Chakula kilipoiva nikachukua birika kama kawaida. Mama akairudisha mikono yake mapajani.

"Wewe hapana," akasema. "Mimi nimetoka mbali. Mwite Kiden."

"Mama, unajua yeye—"

"Najua. Mwite."

Kiden akatokea mlangoni pa jikoni, unga bado mikononi. Mama Yeno hakumwangalia usoni. Alizungumza kama anayezungumza na kuku waliokuwa wakidonoa pale chini.

"Mume wangu alikuwa anarudi nyumbani siku yake ya mapumziko, ananiambia, kule kazini kuna msichana ananinawisha kama mimi ni baba yake. Mimi nilikuwa namwonea wivu huyo msichana. Nikamwambia mzee, basi na mimi siku moja nitakwenda aninawishe. Akasema, nenda. Akafa sijaenda." Akanyoosha mikono yake. "Nimekuja."

Kiden akapangusa unga mikononi. Kisha akanipokonya birika. Akamimina tone kwenye kiganja, akakumbuka kuwa kiganja hakimwambii kitu, akaliinua birika akalibandika shavuni, ili ajue maji si ya moto. Akapiga goti kidogo. Akamimina.

Mama Yeno alisugua taratibu, hadi kwenye viwiko. Maji yaliisha kwenye birika, na bado hakuiondoa mikono.

"Ongeza," akasema.

Nikaenda kuchota.